Mashine ya Ozoni au Kreti? Jibu la Kamati ya Kilimo Kuhusu Machungwa Yetu

(Maneno ya Kamati ya Kilimo kwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama)

 

Sisi wa Muheza hatuhitaji kuelezwa chungwa ni nini kwetu. Limeezeka nyumba, limelipa ada za shule na mahari. Lakini kila msimu tunaona pia chungu za machungwa yaliyotupwa, yamefunikwa unga wa kijani. Ndiyo maana baadhi ya wanachama walipendekeza fedha za harambee ya mwaka huu zinunue mashine ya ozoni. Kamati ilipewa kazi ya kulichunguza pendekezo hilo, na haya ndiyo majibu yetu.

Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii. Hujitenga na kuunguza inachokigusa, zikiwemo mbegu za ukungu. Baada ya hapo hubaki oksijeni tu, wala hakuna dawa inayosalia kwenye ganda. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kwa kuwa haidumu, haiwezi kununuliwa kwenye mtungi. Hutengenezwa palepale kwa umeme. Si jambo geni duniani. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafishia maji ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906, na Marekani iliruhusu itumike kwenye vyakula mwaka 2001.

Je, inazuia ukungu wa machungwa? Mwaka huohuo wa 2001 watafiti wa California walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walichukua machungwa ya Valencia, aina ambayo hata sisi tunaipanda, wakayaambukiza ukungu kwa makusudi. Wakayaweka wiki 4 katika chumba baridi cha nyuzi 5 za Selsiasi, chenye ozoni kidogo sana hewani: sehemu 0.3 katika milioni. Ukungu ulichelewa kwa muda wa kama wiki moja, na ule unga wa kijani ulipungua sana au haukutokea. Hata hivyo, machungwa yaliyoambukizwa hayakupona, mwishowe yalioza. Ozoni hupambana na ukungu ulio hewani na juu ya ganda, bali ule uliokwisha kuingia ndani ya jeraha haiufikii.

Kwa hiyo tuna mambo matatu ya kupima.

Kwanza, faida iliyoonekana ilitegemea chumba baridi. Sisi bado hatuna. Ghala letu lina joto la Tanga, na ukungu wa kijani hustawi zaidi kwenye nyuzi 25 hivi. Mashine bila ubaridi ni nusu ya kazi.

Pili, ozoni inaumiza mapafu. Sheria ya Marekani hairuhusu mfanyakazi avute zaidi ya sehemu 0.1 katika milioni kwa siku ya saa 8. Kiasi kilichotumika kwenye jaribio lile ni mara tatu ya hapo. Chumba chenye ozoni lazima kizibwe, kiwe na kipimo cha hewa, na mtu asiingie mpaka gesi iishe. Ghala letu lina nyufa, na vijana wetu wa ulinzi hulala humohumo. Hatuko tayari kuokoa machungwa kwa kifua cha kijana.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ukungu wa kijani hauwezi kutoboa ganda zima. Unahitaji mlango, na mlango huo tunaufungua wenyewe. Chungwa likiangushwa kwa mti likapiga chini, linachubuka. Likisindiliwa kwenye gunia la lumbesa na mtu akakanyaga juu, linapasuka. Likivutwa kwa nguvu hadi kikonyo kikang'oka, linabaki na kidonda. Siku chache baadaye panatokea doa laini, kisha utando mweupe, kisha kijani, na mbegu zake zinapeperukia majeraha ya jirani. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza; kwenye lori la machungwa tunayaona hayo kwa macho. Mnunuzi anapofungua mzigo na kukuta kijani, anayekatwa bei ni mkulima.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fedha za mwaka huu ziende kwenye vitu vinne. Kreti za plastiki zenye matundu, zichukue nafasi ya magunia. Mikasi ya kuchumia, pamoja na ngazi na mifuko ya begani. Banda la kivuli la kuchambulia, ili chungwa lenye jeraha litengwe na kuuzwa mapema kwa wakamuaji wa juisi. Na tangi la kuoshea, lenye bikaboneti ya soda, ile inayoumua maandazi, kilo 3 kwa lita 100 za maji, kisha machungwa yasuuzwe kwa maji safi. Njia hii imejaribiwa kwenye machungwa na hupunguza ukungu wa kijani. Tunasisitiza: isichanganywe na soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi. Na kila kilichooza kizikwe mbali na banda.

Hatujaufunga mlango wa ozoni. Watafiti walewale waliona kwamba gesi hiyo hupenya vizuri kwenye kreti zenye matundu, na hupenya kwa shida kwenye vifungashio vilivyozibwa. Kwa hiyo kreti tutakazonunua leo hazitapotea. Siku tutakapokuwa na chumba baridi na umeme usiokatika, tutalileta tena suala la mashine mbele yenu.

Ndugu zetu, mashine ingependeza zaidi kwenye picha ya kalenda ya chama, hilo tunalijua. Kreti haina fahari. Lakini kreti moja unayoichangia itapanda na kushuka shambani msimu baada ya msimu, na mama anayeuza chungwa zima atajua imetoka kwa nani. Tunaomba kila aliye mbali achangie walau kreti moja, na kila aliye nyumbani aahidi kuuweka mti chini.