Karani Ajifunze Lugha Itakayomfaa Popote



Nimeombwa nizungumzie makro, yaani mfululizo wa amri ambao mfanyakazi huuandika mara moja, kisha kompyuta ikamtimizia kazi ile ile kila inapohitajika. Karani anayejumlisha majedwali kumi kila mwisho wa mwezi anajua thamani ya msaada huo.

Swali letu ni hili: amri hizo ziandikwe kwa lugha gani? Tangu mwaka 1993 watumiaji wa Excel wamekuwa na VBA, lugha ya Microsoft. Imefanya kazi kubwa, wala si haki kuibeza. Lakini huishi ndani ya programu iliyoipokea tu. Karani akihamia kazi nyingine, sehemu kubwa ya ujuzi wake huachwa mlangoni.

Python si hivyo. Lugha hiyo, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ni ya kazi zote: wanasayansi huchambulia takwimu, mafundi huendeshea tovuti. LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2010, hupokea makro za Python. Anayeitumia kupanga mishahara leo, kesho ataitumia kusoma maelfu ya faili bila kufungua jedwali hata moja.

Hata hivyo, ndugu zangu, njia si tambarare. Kwa miaka mingi mahali pa kuandikia makro ndani ya LibreOffice pamekuwa pa lugha ya Basic. Makro ya Python huandikwa kando na kuwekwa katika folda yake maalumu. Nayo Python iliyotangazwa kwa Excel mwaka 2023 hukokotoa katika kompyuta za Microsoft kupitia intaneti, wala haichukui nafasi ya makro. Asiye na mtandao haimfai.

Tusisahau usalama. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilienea kwa barua pepe kupitia makro ya Word. Makro ya Python nayo yaweza kufuta faili za mwenye kompyuta. Kwa hiyo, makro isiyojulikana itokako isiendeshwe.

Ndugu wafanyakazi, programu za ofisi hubadilika, na mwajiri huchagua aitakayo. Ujuzi ni mali ya aliyejifunza. Basi na tujifunze ule tutakaoondoka nao.