Mtoto Anayeanguka Kila Mara

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi mashababu mlioketi huko nyuma, ahsanteni kwa kubaki baada ya tarawehe.

Nimeombwa nizungumzie maradhi ya kudhoofika misuli. Yako aina nyingi. Leo nitashika moja, iitwayo Duchenne, kwa jina la daktari wa Kifaransa wa karne ya 19. Huwapata karibu wavulana watupu.

Mtoto huzaliwa, ukimtazama ni mzima. Kisha achelewa kutembea, aangukaanguka, ngazi zamshinda. Mashavu ya miguu yananenepa, watu wasema mashallah, huyu atacheza mpira! Mwangalieni anavyoinuka mkekani: hushika magoti, kisha mapaja, kama anayejipanda mwenyewe. Mkiona hivyo mpelekeni hospitali apimwe damu. Kuna kitu kiitwacho CK, hutoka kwenye misuli iliyoumia, na kwa watoto hawa hupanda mno. Halafu kipimo cha jeni kithibitishe.

Si jini, wala si kijicho. Mwili umekosa protini iitwayo distrofini, iliyotambuliwa 1987, ambayo huikinga misuli isichanike inapofanya kazi. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, na mvulana hupata X yake kwa mamake. Hapa ndipo akina baba mnisikize. Mke huambiwa, "Wewe ndiye uliyeniletea haya," na wengine wakaachwa. Jamani! Kwa karibu thuluthi moja ya watoto hawa mama hana kasoro yoyote, hitilafu imezuka mpya. Na aliye nayo hakuichagua. Ila ajue, kwa kila mtoto wa kiume atakayezaa ni nusu kwa nusu, na dada zake pia wapimwe.

Dawa ya kuponya kabisa bado. Steroidi, kama prednisoni, huchelewesha udhaifu. Kunyoosha viungo taratibu kila siku kwasaidia. Kunyanyua vitu vizito kwaumiza. Mtasikia habari za tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani 2023. Bei yake ni zaidi ya dola milioni 3, haijaponya, na mwaka 2025 wako vijana waliofariki kwa ini baada ya kuipata. Basi mtu asiuze shamba kwa uvumi.

Sasa Ramadhan. Steroidi haziachwi ghafla hata siku chache, kwa sababu tezi za mwili zimeshazizoea dawa na zimelala. Mgonjwa aweza kufa. Kijana aliyebaleghe akitaka kufunga, daktari aulizwe kwanza, na saa za dawa zipangwe. Akikatazwa, ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqara, naye hutoa fidia. Msimwonee haya akila mchana.

Wengi huacha kutembea wakikaribia miaka 12. Lakini moyo ukichunguzwa kila mwaka, na mashine ya kupumulia usiku ikipatikana, wengi siku hizi hufika miaka ya thelathini. Huyo ni mtu wa kusoma, wa kufanya kazi, na wa kuja jamaa.

Atakujaje? Mlango wetu una vidato vitano, na kiti cha magurudumu hakipandi. Mafundi wa saruji wamo humu humu, nawaona. Jumamosi baada ya alasiri tukutane pale nje na futi kamba, tupime mteremko.