Kuutaja Ukabila Siyo Kuuleta

 

Nimeombwa kufungua semina hii ya viongozi wa makanisa hapa Utemini, Singida, nikadokezwa kwamba wapo wasioipenda mada yake ya ukabila. Wanasema kanisani hakuna Mnyaturu wala Mnyiramba, Mbarbaig wala Msukuma. Ukianza kuyataja makabila utawagawa waumini waliotulia.

Nawaheshimu, maana wanaipenda amani. Lakini hapo Arusha tu, mahakama ya kimataifa ilimhukumu padre kwa mauaji ya kimbari. Padre huyo, Athanase Seromba, alihudumu parokia ya Nyange, Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani humo, na kanisa likabomolewa kwa katapila wao wakiwa ndani. Mwaka 2008 rufaa yake iliishia kwa kifungo cha maisha. Wengi wa waliouawa, na wengi wa waliowaua, walikuwa wamebatizwa. Kuketi benchi moja kila Jumapili hakukuwaokoa.

Singida si Rwanda, na tumshukuru Mungu. Kwetu ukabila hujificha ndani ya utani. Utani naupenda, umetuzikia wafu na kutupatanisha. Ila mtani hujibu, tena kwa ukali uleule, na wote mkacheka. Mfugaji wa Kibarbaig anayeingia ibadani peke yake, akaitwa kwa kejeli "Mang'ati" na watu wakaangua kicheko, atamjibu nani? Huo si utani. Anaonewa, na mzee wa kanisa aliyecheka pamoja nao amemwonea zaidi.

Wengine watasema Mwalimu Nyerere alishaumaliza ukabila. Lakini Mwalimu hakuupinga ubaguzi kwa kunyamaza! Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, aliwapinga waziwazi bungeni, akasema serikali yake itajiuzulu ikishindwa. Na anayetaka tuhubiri Injili tu, asome Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Kiyunani walipunjwa chakula, malalamiko yakatajwa hadharani, wakachaguliwa watu saba kurekebisha.

Ndugu viongozi, naomba mrudi mkaangalie ni akina nani hawajawahi kuchaguliwa kuwa wazee wa kanisa kwenu, na kwa nini. Waulizeni wao wenyewe, na msiwakatize wanapojibu. Kwa maneno hayo, natamka kwamba semina hii imefunguliwa rasmi.