Funguo za Takwimu Zetu: Nani Anazo, Zinafungua Nini, Zinakoma Lini?

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika kutoka wilaya za Karagwe na Kyerwa



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni funguo zinazofungua takwimu za miradi yetu. Tunaomba msilione kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Katika takwimu hizo mna majina ya wajane, ya watoto yatima, na ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Walitupa majina yao kwa kutuamini.

Zamani taarifa hizo zilikaa kwenye madaftari kabatini, na aliyetaka kuyasoma alilazimika kufika ofisini. Leo mhudumu wa kujitolea wa Kaisho au Nyaishozi anajaza fomu kwenye simu, na majibu yanasafiri kwa intaneti hadi kwenye seva iliyo nje ya nchi. Hayo ndiyo matumizi ya wingu. Tuchukue mfano wa KoboToolbox, programu iliyoanzia kwa watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative nchini Marekani, ambayo mashirika mengi ya misaada huitumia.

Milango miwili

Seva ina milango miwili. Wa kwanza ni wa watu: unaandika jina na nywila, unaingia. Wa pili ni wa programu, nao huitwa API. Jedwali la ripoti linapotaka kuchota takwimu mpya kila asubuhi, linapita mlango huo na kuonyesha ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Seva haiangalii sura ya aliyeushika. Mwenye ufunguo hufunguliwa, awe mhasibu wetu au mtu aliyeunakili kwenye ujumbe wa simu.

Tena ufunguo wa KoboToolbox una uwezo wote wa akaunti ulikotoka. Ukitolewa kwenye akaunti kuu, anayeupata anaweza kusoma fomu zote, na hata kuzibadili au kuzifuta.

Somo la sanduku la kufuli tatu

Jambo hili mnalijua tayari kwa njia nyingine. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe linatunzwa na mtu wa nne. Hatufanyi hivyo kwa sababu mweka hazina ni mwizi. Tunafanya hivyo ili uaminifu wake usiwekwe kwenye jaribu, na akihama au akifariki kikundi kisikwame.

Kwa njia hiyohiyo, tunapendekeza utaratibu huu wa kuweka ufunguo wa API:

1. Ifunguliwe akaunti ya kazi, isiyo ya mtu binafsi, kwa kila programu inayochota takwimu.

2. Akaunti hiyo ipewe ruhusa ya kuona tu, tena kwa mradi mmoja unaohusika. Hapo ndipo ufunguo wake utolewe.

3. Ufunguo utunzwe kwenye programu ya kuhifadhia nywila. Usitumwe kwa WhatsApp, wala usiandikwe ndani ya anwani ya tovuti, kwa maana anwani hubaki kwenye kumbukumbu za kompyuta na seva. Mahali pake ni kwenye kichwa cha ombi ambalo programu hutuma.

4. Uandikwe kwenye daftari la funguo: unatumika wapi, unafungua nini, nani anausimamia, na utakaguliwa lini. Ufunguo wenyewe usiandikwe humo.

5. Mhusika akiondoka, au kompyuta ikipotea, akaunti ile ya kazi iondolewe ruhusa siku hiyohiyo. Kazi nyingine zitaendelea bila kuguswa.

Mifumo mingine ina msaada zaidi. DHIS2, ambayo Wizara ya Afya inaitumia kwa takwimu za vituo vya afya nchini, inaruhusu ufunguo uwekewe tarehe ya kukoma, uzuiwe usifanye lolote ila kusoma, na ukubaliwe kutoka kompyuta fulani tu. Amazon Web Services inamruhusu mtumiaji mmoja kuwa na funguo mbili kwa wakati mmoja. Faida yake ni kwamba unaweka mpya, unahakikisha inafanya kazi, ndipo unaizima ya zamani.

Sheria nayo inadai

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde taarifa hizo. Taarifa za afya zimehesabiwa kuwa nyeti, na kuna masharti ya kuzisafirisha taarifa nje ya nchi. Seva ikiwa ughaibuni, jambo hilo linatuhusu moja kwa moja.

Tunachoomba

Kwenu wajumbe wa kamati: mnapoletewa taarifa ya mradi, ulizeni kama mnavyouliza juu ya fedha. Nani ana funguo? Zinafungua nini? Zinakoma lini? Asiyeweza kujibu asipewe ufunguo.

Kwenu wahisani: tunafahamu haja yenu ya kuona maendeleo bila kusubiri ripoti ya robo mwaka. Tunaomba mpokee ufunguo wa jedwali la jumla, lenye idadi ya kaya kwa kata pasipo majina. Idadi inatosha kuonyesha kazi iliyofanyika. Tunaomba pia bajeti za miradi ziwe na fungu dogo la kumfundisha mtu wa pili, maana ufunguo unaojulikana na mtu mmoja tu ni hatari hata akiwa mwaminifu.

Kijijini watu wote wanafahamiana. Jina moja likivuja kutoka kwenye orodha ya wagonjwa, hakuna ufunguo wa kulirudisha. Mama huyo atakaa na maneno ya majirani miaka yote. Kwa ajili yake tuwe wagumu kutoa funguo na wepesi kuzifunga.