Safari ya Mahali pa Kale, na Yule Atuongozaye

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa wanachama, Frere Town



Halmashauri imenitaka nitoe maelezo juu ya safari ya siku mbili waliyoifanya wanachama wetu pamoja na vijana wa shule, kwenda kutazama mahali pa kale pa mwambao huu. Hesabu ya nauli na chakula imekwisha kuonyeshwa katika taarifa ya Mweka Hazina, nami sitairudia. Nataka kusema juu ya kiongozi wa safari, yaani yule mtu asimamaye mbele ya wageni na kunyosha kidole, akawaambia, "Hapa ndipo palipotendeka jambo fulani." Mtu huyo akinyamaza, mahali hapo hunyamaza pamoja naye; na akichagua la kusema, basi amekwisha kuwachagulia wasikilizaji wake habari watakayorudi nayo majumbani.

Tulianzia hapa hapa kwetu, penye kengele. Kila siku watu wengi huteremka katika matatu wakiitika "Kengeleni!", na wengi wao hawana habari kwamba jina la kituo hicho limetokana na kengele yenyewe ining'iniayo palepale kando ya njia. Ilipigwa ili kuwaonya watu wa misheni kwamba adui yu karibu, yaani wale waliotaka kuwarudisha utumwani. Mwaka uliopita nilipata nafasi katika gari la kampuni moja ya kutembeza watalii, ambayo sina haja ya kuitaja jina. Gari lilipita pale bila kusimama. Kiongozi aliwaambia wageni kwamba ile ni kengele ya zamani, kisha akaendelea na habari za hoteli za Nyali. Ndipo nilipotambua ya kuwa tusipoisema habari yetu wenyewe, haitasemwa.

Kwa faida ya vijana, nieleze kwa ufupi. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Aliyekuwa ametumwa na Uingereza mapema mwaka huo kuzungumza naye ni Sir Bartle Frere, na jina lake ndilo tulilo nalo hata leo. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyopakia watu, lakini watu hao wakiisha kufunguliwa, waende wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, waliotekwa mbali sana na bahari, na kwao hakukuwa na njia ya kurudi. Basi Chama cha Misheni cha Church Missionary Society kilimtuma William Salter Price, aliyefika mwishoni mwa mwaka 1874, naye akanunua ardhi hii mwaka 1875, na watu wakaanza kuletwa.

Hata hivyo, Price hakuwa wa kwanza kuijenga kazi hii, na hapa ndipo viongozi wengi wa safari wanapokosea. Kabla yake walikuwapo Waafrika waliokombolewa utotoni na kupelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa huko Nasik na Bombay, wakajifunza useremala, uhunzi, na kusoma na kuandika. Watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walitumwa Rabai tangu mwaka 1864, yaani miaka kumi kabla ya Price kuja. Nasik hiyo hiyo ndiyo iliyomlea Jacob Wainwright, aliyekuwa miongoni mwa wale walioichukua maiti ya Livingstone mpaka pwani, na aliyesimama katika mazishi yake London mwaka 1874. Matthew Wellington, mwenzake katika safari ile, aliishi hapa kwetu Mombasa hata alipofariki mwaka 1935. Kijana wetu akiulizwa ni nani aliyemzika Livingstone, ataje watu hao, kwani walikuwa jirani zake.

Habari ya William Jones yataka kusimuliwa polepole. Yeye na Semler walipewa daraja ya ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Hannington akaondoka kwenda Uganda kwa njia mpya ya kupitia nchi ya Wamasai, na Jones akafuatana naye. Walipofika Kavirondo, Askofu akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wapatao 50. Katika Oktoba 1885 aliuawa huko Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones akangoja, akapata habari, na mzigo wote ukamwangukia yeye: kuurudisha msafara wenye njaa na majonzi mamia ya maili mpaka pwani. Waliingia Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886. Vitabu humpa Hannington sura nzima, na Jones humpa mistari michache. Kiongozi wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu na mwanachama wa Chama hiki, alituambia habari hii tukiwa tumesimama uani kwa kanisa la Emmanuel, na vijana ambao kwa kawaida hawawezi kutulia dakika tano walitulia.

Kutoka hapo tulikwenda karibu na maji, upande unaokabili Mji wa Kale, penye kaburi la Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka uleule mama huyo alijifungua, akafa kwa homa, na mtoto wake mchanga naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mahututi. Baadaye aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi hilo ni alama ya kuwa kazi imekwisha kuanza. Mabibi waliokuwa pamoja nasi walikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na dereva akaanza kupiga honi.

Ndani ya Ngome ya Fort Jesus tuliongozwa na mtumishi wa Makumbusho, naye aliijua kazi yake. Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593; ilitekwa na Waarabu wa Oman mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696; ikawa gereza tangu 1895 mpaka 1958. Hayo yameandikwa ukutani. Lakini yupo mtu mmoja ambaye habari yake yahitaji busara ya msemaji, naye ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani, aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala chini ya macho ya wale wale waliomwua baba yake. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni wa Kireno, na baadaye Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliokataa kuiacha dini yao, wakauawa.

Katika basi letu walikuwamo Wakristo na Waislamu, kama ilivyo katika Chama chenyewe. Kiongozi angeweza kuanzia mwaka 1631, na upande mmoja ungetoka na uchungu. Au angeweza kukomea mwaka 1614, na upande wa pili ungetoka na kiburi. Yeye alisema yote mawili, kwa sauti ile ile. Mzee mmoja wa Kisauni, ambaye ni Mwislamu wa siku nyingi katika Chama hiki, alimshika mkono akamwambia, "Umesema haki, mwanangu." Mimi naona neno hilo lilitosha kuwa malipo ya safari nzima.

Tulipita Changamwe na Miritini, tukakata njia Mazeras kuelekea Rabai. Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia huko mwaka 1846. Kutoka hapo Rebmann alisafiri, akauona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Wataalamu wa Ulaya hawakusadiki kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Nyumba zao zingali zipo, na kanisa la Mtakatifu Paulo la mwaka 1887, na jumba la makumbusho. Mtu wa kwanza wa huko kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu na kufa. Hakuwa mfalme wala tajiri. Naomba kiongozi yeyote atakayewapeleka watoto wetu huko asimpite.

Rabai ina jambo jingine kubwa. Watumwa wengi waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko, na mabwana zao wakaja kuwadai, hata ikaelekea kuwa vita. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Na tusisahau ya kuwa Rabai ilikuwa ni ya Warabai kabla ya misheni na kabla ya wakimbizi. Kaya zao zimewekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Hatukuingia kayani, kwa kuwa hatukuwa tumeomba ruhusa ya wazee mapema. Mtu haingii kwa mwenziwe bila kupiga hodi.

Siku ya pili ilikuwa ya Malindi na Gedi, nami sitakawia. Nguzo ya Vasco da Gama na kanisa dogo la Wareno vilitazamwa kwa haraka kwa sababu ya jua. Gedi ilitushangaza zaidi: mji wa Waswahili wenye misikiti, visima na jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe iliyo sawa na mwaka 1399 wa Kizungu, yaani karibu miaka mia kabla ya Mreno wa kwanza kufika pwani hii. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 nao uliingia katika orodha ya UNESCO. Kijana mmoja aliuliza kwa nini shuleni historia ya pwani huanza na Vasco da Gama. Hakupata jibu la kumridhisha.

Sasa nafika kwenye lile lililozusha maneno njiani tulipokuwa tukirudi, na ambalo Halmashauri ilinitaka nilitaje waziwazi. Baadhi ya wazee hawakupendezwa kusikia neno "watumwa" likitamkwa mbele ya wajukuu zao. Walisema watoto watachekwa shuleni, na kwamba afadhali iitwe "historia ya misheni" basi. Nawaheshimu wazee hao, na najua neno hilo limetumiwa kututukania. Tena kuna methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa", na ni vigumu kuisikia bila kutabasamu kwa uchungu, kwa mtu ambaye asili yake ilifichwa kwa sababu ya utumwa wenyewe.

Lakini tukilifuta neno, tutafuta na watu. Bibi mmoja katika basi alisimulia kwamba mamake bibi yake aliteremshwa chomboni akiwa mtoto, asijue jina la kijiji chao, ila alikumbuka wimbo mmoja wa kutwanga kwa lugha ambayo hakuna nyumbani aliyeielewa. Akapewa jina la Kizungu. Habari hiyo haimo katika kitabu chochote. Imo kichwani mwa mama mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuandika majina, na nasema kwamba orodha yetu ina mapengo makubwa.

Kiongozi aseme na yale yasiyopendeza upande wa misheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi Mzungu wa hapa Frere Town alichunguzwa kwa sababu ya kuwapiga watu viboko, watu ambao walikuwa wameletwa hapa wawe huru. Aseme pia ya kuwa chuo kilichoanza hapa mwaka 1903 ndicho kilichohamia Limuru mwaka 1930, nacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi haya mbele ya mkutano. Chama kichague vijana wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike, wafundishwe na yule mwalimu mstaafu kuongoza matembezi ya Frere Town, tangu kengele mpaka kaburini, na wapewe posho kutoka mfuko wa elimu. Kila jamaa iliyo tayari iandikishe kwangu majina ya wakubwa wao waliokuja hapa, na kabila lao kama linajulikana, asiyetaka asilazimishwe. Wazee wa Kaya waandikiwe barua mapema. Na dereva aelezwe kwamba saa ya kuondoka kaburini itasemwa na kiongozi.

Safari ijayo itakuwa katika likizo ya Desemba. Majina yaandikwe kabla ya mwisho wa Oktoba. Watoto watalipa nusu ya nauli.