MPAKA WA MKOA NA MPIRA WETU

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa michezo mstaafu, naye mwanafunzi wa zamani, katika mkutano wetu wa mwaka, Bariadi)



Nimeombwa nizungumzie michezo. Nitazungumzia lawama moja tu, kwa sababu jana jioni nimeisikia tena mezani: kwamba wenzetu wa Kishapu walitutupa mara mkoa ulipogawanywa.

Wadogo zetu wengi hawakuiona hali ya zamani. Kabla ya mwaka 2012 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na wilaya 8: Shinyanga Mjini, Shinyanga Vijijini, Kishapu, Kahama, Bukombe, Maswa, Meatu na hii yetu ya Bariadi. Kijana wa hapa aliyetaka kuvaa jezi ya mkoa katika UMISSETA ilimpasa awapite wa Kahama na wa Shinyanga. Machi 2012 Serikali iliunda mikoa minne mipya: Simiyu, Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia Simiyu. Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Busega ikatoka Magu, Mkoa wa Mwanza, ikaja kwetu.

Kwa hesabu ya nafasi, ndugu zangu, tulipata. Vijana wetu sasa wana timu yao ya mkoa. Tulichopoteza ni wapinzani wetu wa siku zote.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Huko Marekani vyuo vikuu hucheza mpira wao katika vyama. Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kukihama chama chao, Pac-12, na kujiunga na Big Ten, kwa kufuata fedha za televisheni. Kufika Agosti 2024 vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimekwisha ondoka, vikabaki Oregon State na Washington State. Watu wa huko hubishana hata leo ni nani alaumiwe. Lakini kwao yuko aliyechagua kuondoka. Kwetu hakuna shule iliyochagua. Mpaka ulichorwa kwa ajili ya utawala, wala haukukataza mtu kumwalika jirani yake kucheza mpira.

Basi ni nani aliyeiua mechi yetu ya kila mwaka? Ni mimi.

Mwaka ule ule wa 2012 nililetewa barua na mwalimu wa michezo wa shule ile. Aliuliza kwa upole kama tutakwenda kwao kama kawaida, maana zamu ilikuwa yao kuwa wenyeji. Nilikuwa nahangaika na mashindano ya mkoa mpya, na fedha za lori hazikuwapo. Badala ya kumwandikia hivyo, niliiweka barua katika mtoto wa meza. Mwezi ukapita, kisha mwaka. Wanafunzi waliponiuliza, niliona haya, nikasema, “Wale sasa ni watu wa mkoa mwingine.” Neno hilo ndilo mlilolisikia jana, limekwisha ota ndevu.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba na wao huko walikuwa wakisema tumepata mkoa, tumejivuna. Mwalimu mwenzangu yule amekwisha fariki. Sikumjibu hata kwa mstari mmoja, na sasa sina wa kumjibu.

Ndugu Mwenyekiti, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Zamani tulikwenda juu ya lori, tukafika weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga unga. Siku hizi barabara ya kupita Maswa hadi Mwigumbi ni ya lami. Timu inaweza kutoka hapa asubuhi, ikacheza, ikarudi kulala. Naomba mambo mawili. Kwanza, katibu aandike barua ya kuwaalika, na ndani yake aseme wazi kwamba kosa lilikuwa la upande wetu. Pili, mchango wa mwaka huu uanze na nauli ya vijana. Wa kwangu huu hapa, nimekwisha uweka katika bahasha.

Barua ile ya 2012 ninayo mfukoni. Atakayetaka kuisoma na aje.