Voltimita ya bei nafuu: je, tarakimu zake ni za kuaminika?

Voltimita ndogo ya kidijitali inapoandika 12.43, wengi wetu huiamini hata ile 3 ya mwisho. Wingi wa tarakimu, hata hivyo, si ushahidi wa usahihi.

Tuchukue betri ya asidi ya volti 12, ile ya gari au ya umeme wa jua. Ikiwa imejaa na imepumzika, husoma takriban volti 12.7, ikibaki nusu, kama 12.2. Tofauti ni nusu volti tu! Mita inayozidisha kwa asilimia 2 itaongeza robo volti, na betri iliyobaki nusu itaonekana ina robo tatu. Mwenye nyumba ataendelea kuitumia usiku kucha, na betri za namna hii zikimalizwa nguvu mara kwa mara hufa mapema.

Mita hiyo itapimwa kwa nini? Wengine hutumia betri mpya ya tochi, wakitarajia 1.5. Hicho si kigezo: betri mpya ya alkali aghalabu hutoa karibu volti 1.6, na ni nadra mbili kulingana sawasawa. Mwaka 1893 Edward Weston alivumbua seli ya volti 1.018 na ushei, iliyotegemewa na maabara kwa miongo mingi; lakini ndani yake mna zebaki na kadimiamu, si vitu vya kuwekwa nyumbani.

Leo ipo chipu ndogo iliyoundwa kwa kazi hiyo hiyo. LM4040 ya volti 5, daraja A, haikosei zaidi ya asilimia 0.1 katika joto la nyuzi 25. Huhitaji betri ya volti 9 tu, na rezista ya omu 4,700 kati ya betri na chipu.

Kwanza badilisheni betri ya mita yenyewe, kwani ikichoka, mita nyingi za bei nafuu husoma juu kuliko ukweli. Kisha pimeni chipu kwa kipimo cha volti 20, kile kile mtakachopimia betri kubwa. Ikionyesha 5.00 au 5.01, hamna la kulalamikia. Ikionyesha 5.10, inazidisha kwa asilimia 2, na ile 12.43 yetu kwa hakika ni 12.19. Hakuna haja ya kuitupa. Gawanyeni kila mnachosoma kwa 1.02.

Haya yote ni ya volti chache. Soketi ya ukutani msiiguse kwa mita ya namna hii, hata ikiwa sahihi, kwa sababu nyingi hazina kinga ya kutosha ndani.